Kilichoitoboa Shofaji ya Citoyen Lwaboshi

Wewe, ukiambiwa uchague kati ya kusema kweli na kubaki na kazi yako, utachagua nini? Usijibu upesi. Nimewauliza wengi hapa Bukavu, walimu, makarani, hata abbé mmoja, padre mwenye digrii ya Roma, na wote walijibu upesi, na wote walidanganya.

Papa Philémon hakuulizwa na mtu kama mimi. Aliulizwa na kamionete ya mazuti, pikapu ya dizeli.

Garage yake ilikuwa Bagira, kando ya barabara inayoelekea Kasha: mabati juu ya nguzo za miti, shimo la kuingilia chini ya magari, na nyuma yake nyumba ya matofali aliyokaa na mkewe, Maman Eulalie. Mimi nilikuwa jirani yao, nimerudi nyumbani kwa likizo ya kiangazi, na mtu mwenye likizo Bagira huenda kukaa pale penye maneno mengi. Kwa Philémon maneno hayakukosekana. Kama umewahi kuambiwa kwamba fundi wa kweli ni mtu wa kimya, mpole, asiyejisifu, basi aliyekuambia hakumjua Philémon. Alijisifu akiwa amelala chini ya gari na alijisifu akiwa anakula. Alijifunza kazi kwa Mbelgiji mmoja wa kutengeneza barabara, na aliamini kwamba Mbelgiji yule alirudi Ulaya kwa aibu ya kupitwa na mwanafunzi wake.

Juu ya lango palikuwa na kibao: «Garage Saint Philémon». Serikali ya Zaire ilipokataza majina ya Kikristo na kutuamuru turudie majina ya mababu, askari wa zone, yaani wilaya yetu, walimwamuru akifute. Alifuta «Philémon», akafuta na «Saint», akabaki na «Garage» peke yake, akasema kwamba sasa hata mababu hawana la kulalamika. Kwenye kitambulisho aliitwa Citoyen, yaani Mwananchi, Bahizire. Watu wakaendelea kumwita Papa Philémon, maana hakuna mwanamke wa Bagira aliyekuwa tayari kujifunza upya jina la jirani yake kwa sababu ya hotuba ya redio.

Alikuwa na desturi moja ambayo lazima uijue. Hakumrudishia mtu gari kabla mwenye gari hajakishika mkononi kile kilichovunjika na kusikiliza kilikufa kwa nini. Ukiwa na haraka, ungoje. Ukiwa kamanda, ungoje. Kisha kile chuma kilipigiliwa msumari kwenye ukuta wa mbao, katikati ya wenzake, na Philémon angeweza kukueleza kila kimoja miaka baadaye: hiki kiliuawa na mafuta machafu, hiki na shofa mlevi, hiki na umasikini. Ukuta ule tuliuita makaburi. Alikuwa na kiburi juu ya ukuta ule kuliko juu ya watoto wake, na jambo ambalo hakuweza kulivumilia ni maiti asiyejulikana ameuawa na nini.

Sasa tumwangalie mtu wa pili.

Mwaka ule serikali ilikuwa imechukua mashamba na maduka ya wageni ili iwagawie wananchi, jambo walilouita kuzairisha. Neno «wananchi» ni pana sana. Wale waliogawiwa, kwa upande wetu, wangetosha kukaa kwenye meza moja ya harusi, na bado pangebaki nafasi ya kuwekea chupa. Mmoja wao alikuwa Citoyen Lwaboshi, zamani Gérard, zamani pia karani wa kupiga mihuri. Yeye alipewa shamba la kinakina kule juu milimani, ule mti ambao gome lake hutengenezewa dawa ya malaria. Siku ya kwanza alipolitembelea aliuliza matunda yake huiva mwezi gani. Wafanyakazi waliangaliana, na mmoja akamjibu kwa heshima kwamba mwaka huu yamechelewa.

Pamoja na shamba alipata kamionete ya Mbelgiji aliyefukuzwa. Jambo la kwanza alilolifanya kwa ajili ya kilimo ni kuipaka rangi. Aliipaka kijani cha Chama tawala, pande zote, na mwenge kwenye kila mlango. Akaipaka na ndani ya boneti, bawaba, hata vichwa vya bolti. Kisha akatangaza kwamba atakayekwaruza rangi ile amekikwaruza Chama chenyewe. Juu ya paa aliweka vipaza sauti viwili, ili gari lizunguke vijijini likiwaita watu kwenye animasyo, yaani kucheza na kuimba sifa za uongozi saa za kulima. Kazi ya kuvifunga na kuvisemea alipewa kijana mmoja, Constantin, aliyekuwa akipiga santuri kwenye harusi. Shofa, yaani dereva, alikuwa Modeste, mtu mwembamba wa Kasha, mwenye watoto wengi na maneno machache.

Barabara ya kwenda shambani hupanda mpaka kwenye ukungu, na asubuhi za kiangazi huko juu meno hugongana. Lakini suti ya Kizungu na tai vilikuwa vimepigwa marufuku, na Citoyen Lwaboshi alikuwa mtiifu kiasi cha kuogopa hata koti la mvua, lisije likafanana na suti kwa mbali. Alivaa abakosti yake ya mikono mifupi, lile koti la Chama lisilo na tai, akategemea shofaji, kipasha joto cha gari. Kama hujui gari, nikueleze kwa ufupi: nyuma ya dashibodi, karibu na miguu ya abiria, hukaa radiatere ndogo, yaani rejeta. Maji ya moto ya injini hupita humo kwa mipira miwili, mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea, na feni husukuma joto lake ndani. Basi uzalendo wote wa Citoyen Lwaboshi ulipashwa moto na kijiradiatere cha shaba kisichozidi ukubwa wa tofali.

Siku moja, wakiwa kwenye kona ya mlimani, kioo kilijaa mvuke ghafla, na maji ya moto yakamwagika kwenye viatu vyake vya ngozi ya mamba. Modeste alisema baadaye kwamba bosi wake alipiga kelele kwa Kifaransa, lugha ya mkoloni.

Kamionete ililetwa kwa Philémon. Alitoa radiatere, akaipuliza ndani ya beseni la maji, akaona tundu, akatoa hukumu papo hapo mbele yetu sote: ni maji ya kijito cha shambani. Yana udongo mwekundu, yana chuma, yanakula shaba. Citoyen Lwaboshi alishikishwa chuma kile mkononi, akasikiliza hotuba, akakubali. Radiatere mpya ilitafutwa mpaka Bujumbura, na Modeste akaamriwa kutia maji ya mvua tu, tena yaliyochemshwa.

Haukupita mwezi, viatu vikalowa tena.

Safari hii Philémon alisema ni presha. Labda joinit, ile gasketi ya kichwa cha injini, imeungua, alisema, na moshi unaingia kwenye maji na kuyasukuma mpaka yapasue mahali palipo dhaifu. Aliwasha injini, akafungua kizibo cha radiatere kubwa, tukainama sote kutazama kama kuna mapovu. Hakuna aliyeona povu. Lakini kwa kuwa alikuwa ameshatangaza, alibadilisha joinit na kizibo vilevile, akasema kwamba mapovu mengine ni ya kujificha. Radiatere aliitoa kwenye gari bovu lililokuwa limeoza Nyangezi, kwao alikozaliwa, akaipiga lehemu mwenyewe na kuisifu.

Ikatoboka.

Hapo akamgeukia Modeste. Akasema shofa anarusha gari kwenye mashimo mpaka lehemu inaachia. Modeste alikuwa anafuta kioo. Hakugeuka hata kumtazama.

«Papa Philémon,» alisema, «barabara njo inapiga gari. Mimi natafuta tu njia katikati ya shimo na shimo.»

«Shimo, unazipata zote.»

«Nazipata sababu zilinitangulia kufika.»

Watu walicheka, na kicheko kile kilikuwa upande wa Modeste. Philémon akakasirika, na tangu siku ile wakawa hawasalimiani. Lakini mimi nilimwona, baada ya shofa kuondoka, akichukua msumeno na kuikata ile radiatere katikati kama mkate. Nje ilikuwa safi. Ndani, karibu na mdomo wa bomba moja tu, shaba ilikuwa imeliwa, imebaki vijitundu kama sega la nyuki. Upande wa pili ilikuwa nzima kabisa. Aliigeuzageuza magotini. Aliniambia, kwa sauti ambayo sijazoea kuisikia kwake, kwamba lori la shamba lile lile linakunywa maji yale yale na kupita mashimo yale yale, na shofaji yake haijatokwa na tone. Hakuipigilia ukutani. Aliiweka juu ya rafu, peke yake, kama mtu aliyekufa ugenini na hajatambuliwa.

Citoyen Lwaboshi alipokuja, hakutaka tena kushika chuma chochote. Kamishna wa mkoa angezuru Bagira, na alikuwa ameahidi kumpitisha katika kamionete ile ile, kwa kuwa hakuna gari jingine la kijani kiasi hicho. Philémon akampendekezea njia ambayo fundi yeyote angeipendekeza: tuunganishe ile mipira miwili, tuiruke radiatere ndogo, gari litembee bila shofaji.

«Mubeleji alikuwa anapata joto humu ndani,» alisema Citoyen Lwaboshi. «Mimi nikipewa, nipewe baridi? Uhuru wetu upunguzwe digri?»

Kisha akaeleza alivyoielewa hali. Radiatere moja kutoboka ni ajali. Ya pili ni uzembe. Ya tatu ina mtu nyuma yake. Alikuwa ameshamwarifu Kamishna kwamba katika Bagira kuna msaliti wa Mapinduzi, na kwamba atamtoa hadharani siku ya ziara. Ikivuja tena, alisema, garage hii itazairishwa.

Philémon alidhani amesikia vibaya. «Itazairishwa namna gani? Mimi nilizaliwa Nyangezi.»

«Kuzaliwa haitoshi,» alisema Citoyen Lwaboshi, akaingia garini.

Nacheka ninapoandika, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Tuliwajua watu waliokwenda kulala wakiwa na duka na kuamka wakiwa na kumbukumbu. Garage ile ndiyo iliyokuwa sahani ya chakula, ada ya shule, na ile nyumba ya nyuma, maana kiwanja kilikuwa kimoja. Maman Eulalie aliacha kuimba akifua. Philémon mwenyewe aliendelea kujisifu, ila alianza kujisifu asubuhi mapema, kabla wateja hawajafika.

Siku moja kabla ya ziara, mchana, kamionete ilikuwa pale kwa ukaguzi wa mwisho. Philémon alikuwa amelala chali chini ya dashibodi, miguu nje, akifungua radiatere ya nne, ya mwisho aliyoweza kuipata, aitazame tena. Constantin alikuwa ameketi kwenye kiti cha shofa na maikrofoni yake, akijaribu vipaza sauti kwa ajili ya kesho.

«Mwenge wetu,» alisema, na juu ya paa sauti ikakwaruza, «uwake, uwake.» Vipaza sauti vile vilikwaruza siku zote. Tulikuwa tumezoea, tukidhani ndivyo Chama kinavyosema.

Philémon akaifungua ile skrubu moja yenye kutu iliyoshikilia radiatere kwenye bati. Sauti ya Constantin ikafifia, ikawa ya mgonjwa. Philémon akafungua mpira mmoja, maji yamwagike ndani ya beseni. Maji yalivyoshuka, sauti nayo ikashuka, mpaka Constantin akabaki anachezesha midomo, na mwenge wetu hauwaki popote.

Miguu ya Philémon iliacha kutikisika.

«Rudia,» ilisema sauti yake kutoka chini.

Constantin akarudia. Kimya. Philémon akafunga mpira, akaniambia nimimine maji yale tena kwenye injini. Nikamimina, sauti ikarudi, ikikwaruza. Akayafungulia tena, ikafa. Wanawake waliokuwa wakipita na madumu ya maji vichwani walisimama kutazama. Mmoja alisema kwamba tangu azaliwe hajaona hotuba inayonywa maji. Walicheka mpaka madumu yakamwagika.

Philémon hakucheka. Alikuwa ameushika waya mwembamba mweusi na kuufuata kwa vidole kutoka kwenye mashine ya vipaza sauti. Waya ule ulikwenda ukafungwa, kwa kibanio kizuri kabisa, kwenye bomba la radiatere ya shofaji.

Akatoka chini ya dashibodi na kumwuliza Constantin ni nani aliyeufunga pale. Constantin alisema ni yeye. Fundi akamwuliza kwa nini pale, na si kwenye bodi ya gari kama watu wote duniani. Kijana alimjibu kwa uchungu wa mtu aliyeonewa kwamba waya ule unataka chuma kitupu, na gari lote, mpaka bolti, limepakwa rangi ya Chama. Angekwaruza wapi? Alitafuta mpaka akaona kile kibomba cha shaba, kimejificha gizani, hakuna aliyekikumbuka wakati wa kupaka. Akamshukuru Mungu.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi kwenye betri, na waya wa kuurudisha mafundi wetu huuita masi. Umeme wa vipaza sauti ulishuka kwenye kile kibomba ukitafuta njia ya kurudi. Ile skrubu yenye kutu ilikuwa njia mbaya, kwa hiyo sehemu yake ilipitia ndani ya maji yenyewe mpaka kwenye injini, na umeme ukipita majini kutoka kwenye shaba, hutoka na shaba mdomoni. Kila hotuba ilimega kidogo. Kila wimbo wa sifa ulimega kidogo. Lori lilikuwa zima kwa sababu lori halikuhutubia mtu.

Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama Philémon mchana ule. Aliichukua ile radiatere iliyokatwa kutoka kwenye rafu, akalibusu lile sega. Alimtuma mtu amwite Citoyen Lwaboshi. Maman Eulalie alitokea mlangoni, akamsihi ahamishe waya tu na kunyamaza. Lakini ungemwambiaje mtu yule anyamaze siku aliyomtambua maiti wake?

Citoyen Lwaboshi alikuja, na wale wanawake walikuwa bado hawajaondoka. Philémon alimwekea radiatere mikononi kabla hajaweza kukataa, akamweleza yote tangu betri mpaka viatu vya mamba. Alieleza vizuri. Pengine alieleza vizuri kupita kiasi.

«Unasema maneno ya Chama inakula shaba,» alisema Citoyen Lwaboshi.

«Sisemi maneno, Citoyen. Nasema umeme.»

«Ule umeme unapita wakati gani?»

«Wakati munasema.»

«Na tukinyamaza?»

«Mukinyamaza, haiharibiki kitu.»

Mwanamke mmoja alikohoa, kile kikohozi ambacho si cha kifua. Citoyen Lwaboshi aliiweka radiatere juu ya boneti, polepole, asije akakwaruza. Akamshika Philémon begani, akamvuta mpaka karibu na shimo la garage, pale nilipokuwa nimekaa, akashusha sauti. Alimwambia kwamba yeye hana ubaya naye. Kamishna ameahidiwa mtu, basi atapewa mtu. Na mbona mtu yupo, Philémon mwenyewe si alimtaja mbele ya watu wote?

«Sema tu ni Modeste,» alisema. «Mashofa ni mingi. Useme kesho mbele ya Kamishna, garage inabakia yako.»

Nilimtazama Philémon. Modeste hakuwa rafiki yake. Hawakuwa wamesalimiana tangu siku ile ya mashimo. Neno lenyewe alikuwa ameshalisema tayari. Alitakiwa kulirudia tu.

«Hapana,» alisema. «Modeste hakuharibu kitu. Mimi nilimusingizia, na pale nilikosea. Radiatere iliuawa na masi. Siwezi kuizika na jina ya kifo kingine.»

Alilisema kwa ile sauti yake ya kujisifu, ambayo husikika mpaka barabarani. Citoyen Lwaboshi akatazama huku na huku. Kisha naye akapandisha sauti, akatoa amri ili wote wasikie: waya ubaki pale pale ulipo, radiatere ya mwisho ifungwe, na atakayeugusa waya wa Chama atajibu. Kesho ikivuja, tutajua ni nani. Philémon akamwuliza, je, na isipovuja? Citoyen Lwaboshi alikuwa ameshageuka kuondoka.

Jua lilipokaribia kuzama nilikuwa bado pale. Maman Eulalie alileta ugali na sombe, akakaa juu ya tairi kuukuu, akamtazama mumewe ambaye hakuwa anakula. Alimwambia kwamba amekaa naye miaka mingi, amemsikia akieleza vifo vya vyuma vyote vya Kivu, na hajawahi kumwomba kitu.

«Leo nakuomba, Baba Agathe. Hamisha ile waya. Halafu ufunge kinywa yako na ile ile kibanio.»

«Alikataza.»

«Kwani wewe unatengenezea yeye, ao unatengeneza gari?»

Philémon akanawa mikono. Aliingia kwenye kamionete, akatoa kile kibanio kwenye bomba la shaba, akaunga waya mrefu, akaupitisha chini ya zulia na kutokea upande wa injini, mpaka kwenye kichwa cha masi cha betri, chuma kitupu ambacho hata Citoyen Lwaboshi hakuthubutu kukipaka rangi. Hakukwaruza popote. Vipaza sauti havikuwashwa, kwa sababu Constantin alikuwa ameondoka na funguo zake. Modeste alipokuja kuchukua gari, Philémon alimwambia tu, «Iko tayari.» Modeste alisimama kidogo mlangoni. Sijui alikuwa amesikia nini kutoka kwa wale wanawake wa madumu. Bagira ni ndogo na madumu husafiri. Alisema, «Aksanti, Papa,» akaondoka.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na baridi na ukungu. Tulisimamishwa kwenye uwanja wa Bagira kabla jua halijaupasua ukungu huo: wanafunzi, wafanyakazi, wanawake katika vitenge vyenye mwenge mgongoni. Tulingoja kama tunavyongoja siku zote, tukipiga miguu chini. Philémon alikuwa kando yangu, na Maman Eulalie amemshika shati kwa nyuma, kama unavyomshika mtoto karibu na barabara.

Kamionete ilikuja, kioo safi, Modeste kwenye usukani, Kamishna na Citoyen Lwaboshi wamebanana kando yake. Kamishna alifungua mlango lakini hakushuka mara moja. Alikuwa anafuta jasho kwenye paji la uso, anatabasamu, mtu pekee mwenye joto katika uwanja mzima. Constantin akapanda nyuma na maikrofoni.

«Mwenge wetu,» alisema.

Watu waligeuka. Sauti haikukwaruza. Ilitoka juu ya paa nzito na safi, kila herufi mahali pake, kana kwamba Constantin ameketi kwenye bega la kila mmoja wetu. Kwa mara ya kwanza tulisikia kila walichokuwa wakituambia miaka yote, na niliona nyuso za watu zikishangaa jinsi kilivyokuwa kidogo.

Citoyen Lwaboshi akachukua maikrofoni. Alimkaribisha Kamishna. Alieleza kwamba kamionete hii ilishambuliwa na maadui, lakini kwa uangalizi wake mwenyewe imepona, kama Kamishna alivyoonja kwa miguu yake. Kisha akasema kwamba msaliti amejulikana. Ni Citoyen Bahizire, zamani Philémon, aliyetukana neno la Chama mbele ya mashahidi. Tangu saa hii garage yake, pamoja na kiwanja chake chote, imekabidhiwa kwa mwanamapinduzi Constantin. Hakuna neno hata moja lililopotea. Wauza ndizi kule mwisho wa uwanja, ambao siku zote hotuba huwafikia kama mvua ya mbali, waliacha kupanga ndizi zao na kututazama.

Maman Eulalie aliachia lile shati, akaziba mdomo kwa mkono. Nilimtazama mumewe. Philémon alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyosikiliza injini.

«Unasikia?» aliniambia. «Haikwaruzi hata kidogo. Masi iko muzuri.»

Kisha akaanza kutembea. Alivuka uwanja mbele ya watu wote, hakuna askari aliyemzuia kwa sababu hakuna aliyejua kama hilo limeruhusiwa au limekatazwa. Alitoa funguo za garage mfukoni, akazinyoosha, na Constantin akazipokea bila kumtazama. Lakini Philémon hakurudi. Alikwenda kwenye mlango uliokuwa wazi, akamwambia Kamishna samahani, akainama, akasogeza kwa adabu kiatu kimoja cha Kamishna, kisha cha pili. Akapapasa zulia chini ya shofaji, kwa utaratibu, kutoka kona hadi kona. Akasimama, akawageukia watu, akainua kiganja chake juu kabisa. Kilikuwa kikavu.

Citoyen Lwaboshi alikuwa bado ameshika maikrofoni, na pumzi yake ilisikika uwanja mzima. Hakuna aliyejua afanye nini. Aliyeanza kupiga makofi, taratibu, mikono yote miwili ikiwa imeinuliwa juu ya usukani, alikuwa Modeste.